Nguzo Ishirini za Laini ya Kaskazini

2 Machi, Jumatatu

Mawingu. Mvua hakuna. Nguzo 0.

Leo tumegawiwa madaftari. Injinia aliyeletwa kutoka makao makuu, binti mdogo tu, alitukusanya karakana mafundi sita akatueleza. Serikali imetenga ruzuku ya kuimarisha gridi. Nguzo za mbao zilizooza zing'olewe, zisimamishwe za zege. Miti iliyoegemea waya ikatwe. Ziwekwe swichi ili hitilafu ya mtaa mmoja isizime wilaya nzima. Ila ruzuku si sadaka, alisema. Makampuni yanashindana, na anayeitaka aonyeshe hali ya kila nguzo, moja moja, pamoja na kumbukumbu za masika yote: umeme ulikatika lini, wapi, kwa nini. Ombi linatakiwa katikati ya Mei.

"Andikeni kila siku," alisema. "Hata kama hakuna cha kuandika, andikeni kwamba hakuna."

Nimepewa laini ya kaskazini, nguzo 412. Meneja aliniuliza kama nitaiweza, "kwa yale yaliyotokea". Nikamwambia nitaiweza.

Yaliyotokea ni haya. Tarehe 15 Januari nguzo namba 207 ilikatika shinani, shemeji yangu akiwa juu, amejifunga nayo mkanda. Alikuwa mdogo wake mke wangu, kitinda mimba wao. Karakana walimwita Kindi kwa jinsi alivyopanda. Mimi wananiita Kobe. Tumefanya kazi pamoja miaka tisa.

Nimeandika vya kutosha kwa siku ya kwanza.

3 Machi

Manyunyu asubuhi. Nguzo 1 hadi 22. Mbovu tatu.

4 Machi

Jua. Nguzo 23 hadi 49. Mbovu tano.

Injinia alikuja nami kuona kazi inavyofanywa. "Shikamoo, mzee." "Marahaba." Alikuwa na viatu vyeupe. Nilimwambia kabla ya adhuhuri vitakuwa na rangi ya udongo, akacheka, akasema amebeba vingine.

Nilimwonyesha. Unagonga kwa nyundo kuanzia chini hadi usawa wa bega, huku ukiizunguka. Nguzo nzima hulia kavu, nyundo inaruka mkononi. Iliyooza ndani hujibu kama boga. Kisha unachimbua kidogo shinani na kusukuma bisibisi. Ikizama mpaka mpini, nguzo hiyo imekufa, hata kama juu inapendeza. Nzima unaipaka alama nyeupe, mbovu nyekundu, na chini ya rangi unaandika namba yako ya ukaguzi. Yangu ni 4.

"Kwa hiyo anayepanda anaiamini rangi," alisema.

"Anaiamini."

"Na nguzo moja inakuchukua dakika ngapi?"

"Tano. Saba kama shina lina majani."

Akaandika. Mtoto wa kiyoyozi, nilijisemea, hata dakika lazima aziweke kwenye karatasi.

5 Machi

Mvua. Nguzo 50 hadi 61. Umeme ulikatika saa nane mchana, ukarudi saa kumi. Tawi.

8 Machi, Jumapili

Sikwenda kazini.

Mke wangu ni fundi cherehani, anashona sare za shule hapa hapa barazani. Mama yao alifariki Kindi akiwa na miaka minne, kwa hiyo dada ndiye aliyekuwa mama. Nilipomwoa nilioa pamoja na mtoto wa kulea: Kindi aliingia nyumbani kwetu akiwa na miaka minane, amebeba mto wake kwapani, hakutaka mto mwingine. Kazi hii nilimtafutia mimi.

Ofisi inadai irudishiwe ovaroli mbili za Kindi na kofia. Mke wangu amesema waje wazichukue wenyewe. Hakuna aliyekuja.

Leo, akiwa anafumua pindo, aliniuliza, "Nguzo ile ilikuwa imekaguliwa?"

"Zote hukaguliwa."

"Na nani?"

"Mafundi tuko wengi."

"Sijauliza mko wangapi."

Nikasema naenda kunawa mikono. Nilikuwa nimeshanawa.

9 Machi

Nguzo 62 hadi 85. Mbovu sita.

12 Machi

Mvua. Nguzo 121 hadi 133. Hakuna cha kuandika.

13 Machi

Mvua. Hakuna cha kuandika.

16 Machi

Nguzo 150 hadi 171. Mke wangu alikwenda ofisini kwetu bila kuniambia. Nilimkuta akitoka. Meneja alimwambia faili bado linashughulikiwa. Tulirudi nyumbani pamoja, yeye mbele, mimi nyuma. Akaniuliza kama nataka chai. Nikasema ndiyo.

19 Machi

Mvua kubwa. Nguzo 190 hadi 199. Niliacha saa saba.

20 Machi

Mvua. Nguzo 0.

21 Machi

Nimeandika mvua jana lakini haikunyesha. Leo pia haikunyesha. Nguzo 0.

23 Machi, Jumatatu

Nguzo 200 hadi 207. Mbovu nne. Namba 207 ni mpya, nzima.

24 Machi

Mvua tangu alfajiri, na hii ni ya kweli. Nimekaa kwenye gari la kampuni, daftari juu ya usukani.

Kipande cha nguzo ya zamani bado kimelala kwenye nyasi, mita mbili kutoka ile mpya. Hawakukichukua. Alama nyeupe inaonekana vizuri, na chini yake namba 4.

Mei mwaka jana tuliambiwa ukaguzi uishe Ijumaa. Alhamisi nilikuwa nimefika nguzo ya 200. Ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, maji yalikuwa yameingia kwenye buti, na nilikuwa nimechoka. Sina sababu nyingine. Nimeitafuta miezi miwili na sijaipata. Sikuwa mgonjwa, sikuwa na msiba, hakuna aliyenilazimisha. Mvua ilipotulia kidogo nilitoa kopo la rangi nyeupe na brashi, nikapita kuanzia 200 hadi 219 bila kutoa nyundo mfukoni. Nguzo ishirini. Nilijiambia nitarudi kiangazi kuzipima. Kiangazi kilikuja na kuondoka.

Januari tulitumwa kubadilisha kikombe, kile cha kauri kinachoshikilia waya, kilichopasuka juu ya 207. Laini ilikuwa imezimwa, kila kitu kilifuata utaratibu. Kindi akavaa vyuma vya kupandia. Kwa kila nguzo alikuwa na utani wake ule ule: "Kupanda mchongoma, shemeji." Na mimi nilitakiwa kujibu, "Kushuka ndiyo ngoma." Siku ile hakusema hivyo. Aliitazama nguzo, akainua macho juu, akauliza, "Shemeji, hii nzima?"

Nikamwambia, "Panda. Nyeupe hiyo."

Haikupiga kelele kubwa. Ilitoa mlio kama wa mtu anayekunja gunia, ikaondoka naye.

Hili sijamwambia mtu. Nilidhani nikiliandika nitasikia kitu. Sisikii kitu. Ni kama mkono ulioulalia.

25 Machi

Nguzo 208 hadi 219. Zote zimegongwa, zimechimbuliwa. Mbovu tano. Kwa hiyo katika zile ishirini mbovu ni tisa, bila kuhesabu iliyomuua. Zote nimezipaka nyekundu. Nimeomba nguzo za kubadilishia. Mtu wa stoo amesema hakuna nguzo, zinasubiri ruzuku.

26 Machi

Nguzo 220 hadi 240. Umeme ulikatika mara tatu.

1 Aprili

Mvua.

2 Aprili

Mvua. Mke wangu amepunguza sauti ya redio na hajaiongeza tena. Inaongea peke yake kama mtu anayenong'ona chumba cha pili.

7 Aprili

Meneja aliniita. Alifunga mlango, akaniagizia soda. Si mtu mbaya. Msibani alisimama foleni ya kubeba jeneza mpaka mwisho.

Kipengele cha saba cha ombi kinauliza ajali zilizotokea kwenye laini na chanzo chake. Alikuwa ameshaandika: upepo mkali. Alitaka sahihi yangu kama shahidi.

"Siku ile hakukuwa na upepo," nilisema.

"Fundi, nimeiona fomu ya ukaguzi ya mwaka jana. Sikukuuliza. Usinilazimishe nikuulize." Akasogeza karatasi. "Mfuko wa serikali hauwezi kumpa ruzuku mtu aliyedanganya ukaguzi. Laini yako ina pampu ya maji, ina wodi ya wazazi, ina shule mbili. Unataka watu wote wale wakae gizani miaka mingine mitano ili moyo wako utulie? Maji yakimwagika hayazoleki."

Nikamwambia nitafikiri. Nikaichukua karatasi, nikaikunja mfukoni. Soda sikuinywa.

Njiani nilijaribu kufikiri, na kila mara nilifika mahali pamoja: anasema kweli. Na ni kweli pia kwamba nilifurahi kuambiwa hivyo.

8 Aprili

Nguzo 301 hadi 322. Sijasaini. Sijakataa.

10 Aprili

Hakuna cha kuandika.

14 Aprili

Nguzo 377 hadi 412. Nimemaliza. Mbovu jumla 96. Injinia alinipa mkono. "Hakuna fundi mwingine aliyeandika kama wewe, mzee," alisema. Sikujua nitazame wapi.

17 Aprili, Ijumaa

Huu ndio uliokuwa upepo.

Ulianza saa tisa alasiri, mvua ikaja ya ubavuni. Saa tisa na dakika ishirini laini nzima ya kaskazini ikazima. Tulitoka watu wanne. Nguzo za 211, 212 na 213 zilikuwa chini. Ya 212 ilikuwa imekatika shinani ikaburuta jirani zake, na ilikuwa imelala juu ya njia ya watoto wa shule ya msingi, waya zimetapakaa kwenye madimbwi kama nyuzi za mshonaji aliyechanganyikiwa. Ilikuwa saa ya kutoka shule. Hakukuwa na mtoto njiani.

Mwalimu mmoja alikuwa amesimama ukumbini. Nikamuuliza watoto wako wapi.

"Niliwazuia," alisema. "Wawili hawakuwa wamemaliza hesabu, nikasema basi hakuna anayetoka. Walinikasirikia sana."

Nilirudi kwenye 212. Alama yangu nyekundu ilikuwa pale, ya wiki tatu. Chini yake, kwa mbali, ile nyeupe ya mwaka jana bado inaonekana.

Nilipima urefu wa nguzo iliyolala ilivyokatisha njia. Hakuna aliyenituma. Watu wazima wanne wanaenea hapo wakiwa wameshikana mikono. Watoto, sijui wangapi.

18 Aprili

Hakuna umeme. Pampu imesimama. Wodi ya wazazi inatumia jenereta. Tumefanya kazi tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka jua kuzama. Nimemwambia Injinia nataka kuandika kipengele cha saba mimi mwenyewe.

Tulikuwa tumekaa juu ya gurudumu la kuzungushia waya. Hakushangaa. Akasema, "Dakika ishirini na tano."

"Nini?"

"Kwenye fomu ya mwaka jana uliandika saa. Umeanza 200 saa tisa kamili, umemaliza 219 saa tisa na dakika ishirini na tano. Na wewe mwenyewe uliniambia nguzo moja ni dakika tano. Nimejua tangu Machi."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri uzimalize nguzo zote. Nilitaka kuona kama zile ishirini utazipita tena." Akafuta tope kwenye kiatu kwa kidole. "Wanaosoma maombi haya ni mainjinia kama mimi, mzee. Wataiona. Lakini hata kama wasingeiona... mimi siwezi kukuahidi chochote. Si kwa kampuni, si kwa ruzuku, si kwako."

"Nipe siku moja. Kuna mtu anatakiwa alisikie kwangu kwanza."

Nilimdhania mtoto wa kiyoyozi. Buti zake zilikuwa na tope zaidi kuliko zangu.

19 Aprili, Jumapili

Saa nne asubuhi. Nilimkuta jikoni amekaa kwenye kigoda, shati la mtoto wa mtu mapajani.

"Mke wangu, nina neno."

"Sema."

"Uliuliza nani aliikagua nguzo ile. Namba iliyoandikwa ni nne."

"Nne ni nani?"

"Ni mimi."

Akaichomeka sindano kwenye kitambaa ili isipotee. "Uliipima?"

"Hapana."

"Hata kuigusa?"

"Niliigusa kwa brashi."

Maji yalikuwa yanachemka jikoni. Hakuna kati yetu aliyeinuka.

"Na siku ile wewe ulikuwa wapi?"

"Chini yake. Aliniuliza kama ni nzima. Nikamwambia apande."

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza."

Alinitazama kama anavyotazama kitambaa asichojua upande wake wa mbele ni upi. Nilitegemea kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele.

"Miezi mitatu," alisema. "Miezi mitatu nakupakulia, unakula, unasema asante."

"Ndiyo."

"Nilikwenda ofisini kwenu kuuliza. Nilikaa kwenye benchi muda wa saa mbili kama mwombaji. Tukarudi pamoja. Nikakuuliza kama unataka chai."

"Ndiyo."

"Acha kusema ndiyo."

Akainuka, akazima jiko, akaingia chumbani. Alipotoka alikuwa na mkoba. Alisema yuko kwa dada yake, na nisimfuate. Nikasimama mlangoni mpaka alipokata kona. Kisha nikarudi ndani, nikaona shati lile kwenye kigoda, nikawaza mwenye shati atakuja kulidai na mimi sijui ni la nani.

20 Aprili

Umeme umerudi saa tano. Nimeandika ukurasa mmoja na nusu, nimesaini. Meneja aliusoma amesimama. Akasema, "Haya." Karatasi yake ya upepo nilimrudishia.

21 Aprili

Mvua.

22 Aprili

Mvua. Karakana wawili hawanisalimii. Wa tatu alisema ningenyamaza tu, marehemu hafufuki kwa barua. Wengine wanazungumza nami kuhusu mpira.

30 Aprili

Nimeondolewa kwenye ukaguzi. Niko stoo, nahesabu vikombe.

6 Mei

Hakuna cha kuandika.

15 Mei

Ombi limepelekwa. Injinia amenionyesha: kurasa mia mbili na kumi, na mimi ni kiambatisho cha mwisho. Amerudi makao makuu. Alisema, "Mzee, kula vizuri." Ninakula. Mikate.

Nilimpigia mke wangu simu. Dada yake alipokea, akasema nitaambiwa.

3 Juni

Mvua zinaisha. Mkaguzi wa mfuko alikuja, mwanamume mtaratibu wa makamo, haongei sana. Alitaka apelekwe laini ya kaskazini na mtu aliyeandika kiambatisho. Tukatembea kuanzia 200 mpaka 219. Alizigonga mwenyewe, moja moja. Nilishika saa: ilimchukua saa moja na dakika hamsini.

"Ulilazimishwa kuandika?"

"Hapana."

"Mbona hukuandika Januari?"

"Januari nilikuwa na shemeji wa kuzika."

"Na Februari?"

Niliinama nikang'oa majani shinani. Akaenda nguzo inayofuata.

10 Juni

Jua.

22 Juni, Jumatatu

Ruzuku imetoka.

Laini ya kaskazini imepata nguzo za zege zote, na swichi tatu. Masharti mawili. Ukaguzi wote wa miaka miwili iliyopita urudiwe, na kila nguzo ikaguliwe na watu wawili, kila mmoja na namba yake. Barua inasema ombi letu ndilo pekee lililoeleza makosa ya ukaguzi bila kuulizwa, na kwamba jambo hilo si sifa, ila limesaidia kuyaamini mengine yaliyoandikwa.

Meneja amehamishwa. Faili langu liko kwa wanasheria, nimesimamishwa kazi mpaka watakapoamua. Inaweza kufika mahakamani. Mtu wa stoo aliniambia kwa upole, kama anayemwambia mtu kwamba zipu yake iko wazi.

Karakana walishangilia. Nami nilipiga makofi. Niliona mikono yangu ikipiga.

25 Juni

Malori matano ya nguzo yamepita mbele ya nyumba. Niliyahesabu. Daftari hili hakuna anayelihitaji tena, nilipaswa kulirudisha.

28 Juni, Jumapili

Jua tangu asubuhi.

Saa sita nilisikia hodi, sauti ya mke wangu. Hakuna anayebisha hodi nyumbani kwake, kwa hiyo nilijua hajarudi, amekuja. Alikuwa na mkoba ule ule. Nikanyoosha mkono kuupokea, akaupitisha upande wa pili.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua."

"Hujui. Ulikuwa unasubiri nikusamehe au nikufukuze, uondokewe na mzigo. Sifanyi hata moja. Hii ni nyumba yangu, nimechoka kulala kwa watu."

Akaingia. Akatazama sinki, akatazama jiko, akatazama shati la mtoto wa watu ambalo nilikuwa nimelitundika msumarini. Akavuta kiti cha meza, akaketi, mkoba bado uko begani, akanionyesha kiti cha pili.

"Siku ile jikoni nilikuwa nasikia masikio yangu tu. Sikukusikia wewe. Nieleze tena. Kuanzia mwanzo, yote, na nikiinuka usinyamaze, endelea."

Nikaketi. Nikaweka mikono juu ya meza, na kwa mara ya kwanza tangu Januari nikaisikia mbao chini ya viganja.

Nikamwambia ilikuwa Alhamisi, mwezi wa Mei, na mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi.